Usiseme: "Watu Wamekwisha Kujua"

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi wa kusemea na sikio la kusikilia. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote.



Somo letu la leo ni juu ya neno moja linalosemwa sana katika mabaraza yetu na misikiti yetu. Ni neno jepesi ulimini lakini ni zito katika mizani, nalo ni hili: "Hayo watu wamekwisha kuyajua." Akitakiwa mtu asomeshe mlango wa udhu, husema hayo watu wamekwisha kuyajua. Akiombwa aeleze habari za zaka, husema nani asiyeijua zaka? Akimwona jirani yake anakosea katika Sala, hunyamaza, akadhani kwamba yule mtu ana elimu yake, na kwamba kumwambia ni kumvunjia hishima. Kwa neno hili milango mingi ya kheri imefungwa, na aliyeifunga amelala usingizi wa raha, akidhani kwamba amefanya adabu.

Twataka kubainisha kwamba kulieleza jambo ambalo huenda wengine wanalo si kazi ya bure, wala si kujionyesha, bali ni katika haki za Muislamu juu ya ndugu yake. Na kabla ya kuleta hoja, tutaanza na kisa.

KISA CHA KIWIKO

Miaka michache iliyopita mwalimu wetu wa darasa alisafiri, akaniachia mimi nisomeshe baina ya Magharibi na Isha mpaka atakaporudi. Aliniachia kitabu, akaniambia nianze na mlango wa udhu. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliona haya. Nilijiambia: hawa ni watu wazima, wengine wana wajukuu, na wamesimama katika safu hizi kabla mimi sijazaliwa, nitawaambiaje habari za kuosha uso na mikono? Nilitamani niwasomee jambo kubwa, jambo lenye ikhtilafu ya wanavyuoni, wapate kusema kwamba kijana huyu amesoma.

Lakini agizo la mwalimu haliachwi. Basi nikazitaja fardhi sita za udhu kama zilivyo katika madhehebu yetu ya Imam Shafi: kutia nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo vyake, na kuyafanya hayo kwa taratibu hiyo hiyo. Niliyasoma mbiombio, kama mtu anayeomba radhi. Niliwasikia wawili katika walioketi nyuma wakinong'onezana kwamba hayo ni masomo ya watoto wa chuoni.

Tulipokwisha kusali Isha, mzee mmoja, fundi seremala, alinishika mkono akanivuta kando, penye birika. Alikuwa mtu wa safu ya mbele, haikosi Alfajiri, na aingiapo msikitini watu humpisha. Akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, kile kiwiko ulichokitaja, mimi sikukiosha tangu nilipobaleghe."

Nikamwuliza, "Ilikuwaje, ami yangu?"

Akasema kwamba babaye alikufa naye yu mdogo, akatolewa chuoni mapema akatiwa kazini. Udhu alijifunza kwa kutazama tu. Aliwaona watu wakikunja mikono ya kanzu zao, akaona maji yakipita juu ya mkono, naye akafanya kama alivyoona. Kiwiko kilikuwa kimefichwa na nguo, hakukiona kikioshwa, basi hakukijua.

"Na mbona hukuuliza, ami?"

"Nimwulize nani, mwanangu? Nilipokuwa mdogo sikuwa na wa kumwuliza. Nilipokuwa mkubwa, wadogo walikuwa wakiniuliza mimi."

Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Na Sala zangu?"

Mimi sikuwa na jawabu. Mwalimu wetu aliporudi tulimpeleka mzee kwake, akamfafanulia yaliyosemwa na wanavyuoni juu ya mtu aliyekosea kwa kutojua. Hukumu ya yule mzee ilikwisha pale, wala si kazi ya kurasa hizi. Iliyobaki ni hukumu yetu sisi. Mtu huyu alisali baina yetu kwa zaidi ya miaka 40. Katika msikiti ule walipita masheikh, na wanafunzi, na watu waliohifadhi vitabu. Kila mmoja wao alikijua kiwiko, na kila mmoja alidhani kwamba mzee anakijua. Darasa yangu ilichukua robo saa. Robo saa hiyo haikupatikana kwa miaka 40, kwa sababu ya neno lile: "Hayo watu wamekwisha kuyajua."

Hebu tuitazame mizani. Mwenye kujua akisikia tena jambo analolijua, khasara yake ni dakika chache, tena huenda asipate khasara hata hiyo. Asiyejua akinyimwa jambo asilolijua, khasara yake huenda ikawa umri mzima. Nani mwenye akili atakayeogopa khasara ile ndogo akaisahau hii kubwa?

MAANA NNE ZA KUJUA

Sasa tulichambue hilo neno "wamekwisha kujua." Watu tunaowadhania kuwa wanajua wako namna nne, na kila namna ina haja yake.

Wa kwanza ni yule asiyejua kabisa, lakini hali yake yatudanganya. Huenda akawa mtu mkubwa, au msomi, au mwana wa mwanachuoni, tukaona ni muhali jambo hilo limpite. Lakini elimu haifuati ukubwa wa mtu. Mtazameni Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), aliyeshika ukhalifa tangu mwaka 634 mpaka mwaka 644. Siku moja Abu Musa al-Ash'ari alikuja mlangoni kwake akapiga hodi mara tatu, asipoitikiwa, akaondoka. Alipoulizwa kwa nini ameondoka, akaeleza kwamba hivyo ndivyo alivyofundisha Mtume (S.A.W.): mtu aombe ruhusa mara tatu, asipopewa arejee. Sayyidna Umar hakuwa na habari ya jambo hilo, akamtaka alete shahidi. Abu Musa akaenda kwenye baraza la Ansari, nao wakampelekea aliyekuwa mdogo wao kwa umri, Abu Said al-Khudri, akatoa ushahidi. Hapo Sayyidna Umar akakiri kwamba kazi za sokoni ndizo zilizomshughulisha, jambo lile likampita. Ikiwa adabu ya kupiga hodi yaweza kumpita Khalifa wa Waislamu, ikawa iko kwa kijana mdogo wa baraza, basi ni nani katika mji wetu tutakayemhukumia kwamba hakuna lililompita?

Na alipokuwa katika safari ya kwenda Sham, akafika mahala paitwapo Sargh, aliambiwa kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Aliwaita Muhajiri wa mwanzo akawataka shauri, wakakhitalifiana. Aliwaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakamshauri arejee, naye akaazimia kurejea. Katika mabaraza yote hayo matatu hakuna aliyekuwa na neno la Mtume juu ya jambo lenyewe. Kisha akaja Abdur-Rahman bin Auf, aliyekuwa ameghibu kwa haja yake, akawaeleza kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akikataza watu kuingia katika nchi yenye tauni, na kukataza waliomo wasitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu. Lau Abdur-Rahman angalijiambia, "Hapa pana Muhajiri na Ansari, hilo bila shaka wamekwisha kulijua," akanyamaza, Waislamu wangaliikosa elimu hiyo siku ile walipoihitaji.

Wa pili ni yule ajuaye, lakini amejua kombo. Huyu ni mgumu kuliko wa kwanza, kwani asiyejua huenda akauliza, lakini aliyejua kombo haulizi. Mtu mmoja aliingia katika msikiti wa Mtume (S.A.W.), akasali, kisha akaja akamtolea Mtume salamu. Mtume akamwitikia salamu yake, akamwambia arudi akasali, kwa kuwa hajasali. Akarudi, akasali kama alivyosali kwanza. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka akaapa kwamba yeye hajui kusali vizuri kuliko vile, akaomba afundishwe. Ndipo Mtume (S.A.W.) akamfundisha toka mwanzo: kutia udhu vyema, kuelekea kibla, takbiri, kusoma, kurukuu mpaka atulie, kusimama mpaka alingane, na kusujudu mpaka atulie. Mtume hakusema kwamba mtu huyu anasali kila siku, basi anajua kusali. Tena msikiti ulikuwa na watu, na waliokuwapo waliyasikia yote hayo waliyokuwa wakiyajua, nao ndio waliotufikishia sisi. Fundisho la mtu mmoja aliyekosea limekuwa darasa ya umma mzima.

Wa tatu ni yule aliyejua, kisha akasahau. Au elimu anayo, lakini haimjii wakati wa haja. Hapana kisa kinachobainisha jambo hili kuliko siku aliyofariki Mtume (S.A.W.), mwaka 632, nao ni mwaka wa 11 wa Hijra. Watu walipigwa na bumbuazi. Sayyidna Umar, pamoja na nguvu zake na elimu yake, alisimama akikataa kwamba Mtume amekufa. Akaja Sayyidna Abu Bakr (R.A.), akaingia akamtazama Mtume, akatoka akawasomea watu aya ya Sura ya Aali Imran inayoeleza kwamba Muhammad si ila ni Mtume, wamekwisha kupita Mitume kabla yake, na inayowauliza watu, je, akifa au akiuawa watarudi nyuma? Aya hiyo haikuteremka siku ile. Ilikuwa imeteremka miaka mingi nyuma, katika habari za vita vya Uhud, nao walikuwa wakiisoma. Lakini waliokuwapo wamesimulia kwamba ilikuwa kana kwamba watu hawakujua kuwa aya hiyo imeteremka mpaka Abu Bakr alipoisoma. Wote wakaipokea kwake, ikawa hasikiki mtu ila anaisoma. Sayyidna Umar naye alipoisikia, miguu yake haikumchukua tena, akaanguka chini, akayakini kwamba Mtume amefariki.

Ndugu zangu, zingatieni. Abu Bakr siku ile hakuleta elimu mpya hata kidogo. Alileta jambo ambalo kila mtu pale alikuwa nalo, na kwa jambo hilo umma ukasimama. Je, nani atasema kwamba alirudia yanayojulikana?

Wa nne ni yule anayejua, na anakumbuka, lakini moyo umelala. Huyu hahitaji kufundishwa, ahitaji kuamshwa. Na katika namna hii tumo sote, pamoja na mwandishi wa maneno haya, kwani kinyozi hajinyoi. Mwenyezi Mungu amemwamrisha Mtume wake akumbushe, akaeleza kwamba ukumbusho huwafaa wenye kuamini. Tazameni: hakuwataja wasioamini tu, wala wasiojua, amewataja wenye imani tayari. Nasi kila siku katika Sala tano za fardhi tunasoma Alhamdu mara 17, kwa kuwa rakaa ni 17. Hapana Muislamu mwenye kusali asiyeijua Alhamdu. Lau kujua kungalitosha, tungaliisoma mara moja katika umri wetu, ikawa basi. Na katika Suratur-Rahman, yenye aya 78, liko swali moja lililorudiwa mara 31. Msomaji akilifikia mara ya mwisho, silo jambo geni kwake. Lakini moyo wake si ule aliokuwa nao alipolisoma mara ya kwanza.

MTUME ALIPENDA KUYASIKIA ALIYOYAJUA

Huenda mtu akasema: hayo ni kwa wasahaulifu kama sisi, lakini mwenye elimu ya kweli hana haja ya kuambiwa analolijua. Jawabu yake iko kwa Mtume mwenyewe (S.A.W.).

Siku moja alimwambia Abdallah bin Mas'ud (R.A.) amsomee Qurani. Ibn Mas'ud akastaajabu, akauliza vipi amsomee yeye, na hali kwake ndiko ilikoteremshwa? Mtume akamjibu kwamba apenda kuisikia kwa mtu mwingine. Akamsomea Suratun-Nisaa, mpaka alipofika katika aya inayotaja siku ambayo kila umma utaletewa shahidi, na Mtume mwenyewe ataletwa kuwa shahidi juu ya umma huu. Mtume akamwambia inatosha. Ibn Mas'ud akatazama, akayaona macho ya Mtume yakitiririka machozi. Ni maneno aliyoyapokea yeye, akayafundisha yeye, na Ibn Mas'ud aliyajua kwa kufundishwa naye. Lakini yalipomrudia kutoka katika kinywa cha mwanafunzi, yalimliza.

Tena kila mwezi wa Ramadhani Jibril (A.S.) alikuwa akimjia Mtume wakadurusu Qurani pamoja, na katika mwaka wake wa mwisho walidurusu mara mbili. Mmoja ndiye aliyeileta, na wa pili ndiye aliyeipokea. Wala hapana kati yao aliyekuwa hajui. Ikiwa wao walidurusu, sisi tumetosheka na nini?

NYUDHURU ZA WATU

Ziko nyudhuru tatu ambazo watu huzitoa, nasi tutazijibu kwa mukhtasari.

Wa kwanza husema: "Mimi si mwanachuoni, nitasema nini?" Huyu ajue kwamba Mtume (S.A.W.) ameamrisha kufikisha kutoka kwake ijapokuwa aya moja. Hakushurutisha kilemba wala joho. Ila ni sharti mtu afikishe alilolijua kwa yakini, na asilolijua aseme silijui. Na katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, aliagiza kwamba aliyehudhuria amfikishie asiyekuwapo, akaeleza kwamba huenda anayefikishiwa akafahamu kuliko aliyesikia kwanza. Kwa hivyo mtu mdogo aweza kubeba jambo asilolijua kina chake, akalifikisha kwa mwenye kulitumia vyema kuliko yeye. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Wa pili husema: "Siku hizi vitabu vimejaa, na darasa za masheikh husikilizwa hata katika simu, atakaye atatafuta." Hili ni kweli nusu. Anayejua kwamba hajui ndiye atafutaye. Yule fundi seremala hakujua kwamba kiwiko kimempungukia, basi angalitafuta nini? Na wazee wetu walilikuta jambo hili kabla yetu. Hukumu za dini zilikuwamo katika vitabu vya Kiarabu tangu zamani, na wanavyuoni wa pwani yetu walikuwa wakizijua. Lau Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui angalisema kwamba hayo yamo vitabuni, asingalitoa gazeti la Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, wala Al-Islah mwaka 1932, wala asingaliwaandikia watoto kitabu cha Hidayatul Atfal. Yeye alikuwa mwanachuoni mkubwa, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akafariki mwaka 1947. Hakuona kuwa ni dhila kuandika kwa Kiswahili chepesi mambo ambayo wanavyuoni wenziwe waliyajua wote. Vilevile Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipotoa tafsiri yake, Qurani Takatifu, iliyokamilika kuchapwa mwaka 1969, hakuwaambia wenye kujua Kiarabu jambo geni. Aliwafungulia mlango waliokuwa wamesimama nje.

Wa tatu husema: "Nikisema wataniona najifanya." Hili ni tatizo la moyo, na dawa yake ni nia. Lakini na atazame vyema, asije akaukimbia ule ugonjwa akaingia katika mwingine. Mimi nilipoona haya kusomesha udhu, sikuona haya kwa unyenyekevu; niliona haya kwa sababu mlango wa udhu haukunipa sifa. Kuna kibri cha kusema, na kuna kibri cha kunyamaza. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba mwenye kuulizwa elimu akaificha, atatiwa hatamu ya moto Siku ya Kiyama.

ADABU ZA KUKUMBUSHANA

Pamoja na hayo, si kila namna ya kusema ni njema. Haya ni katika adabu zake.

Kwanza, usichoshe. Ibn Mas'ud alikuwa akiwawaidhia watu kila Alkhamisi. Mtu mmoja akamwambia wangependa awawaidhie kila siku. Akakataa kwa kuchelea kuwachosha, akaeleza kwamba ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiwachungia nyakati. Mtume alipotaka neno lifahamike alilikariri mara tatu, lakini hakuyafanya mawaidha kuwa mzigo.

Pili, usimfedheheshe mtu. Kosa la mmoja lisemwe faraghani, na fundisho la wote lisemwe barazani bila ya kumtaja mtu wala kumkodolea macho. Yule mzee lau angaliambiwa mbele ya watu kwamba udhu wake si sahihi, huenda asingalirudi tena msikitini.

Tatu, mwulizie mwenzako. Hili ni jambo jema lililosahauliwa. Jibril (A.S.) alikuja kwa sura ya mtu mgeni, mwenye nguo nyeupe mno na nywele nyeusi mno, akaketi mbele ya Mtume (S.A.W.), akamwuliza habari za Uislamu, na Imani, na Ihsani. Kila alipojibiwa alisema kwamba jawabu ni kweli, na Masahaba wakastaajabu: auliza, kisha asadikisha mwenyewe! Alipoondoka, Mtume akawaeleza kwamba huyo ni Jibril, amekuja kuwafundisha dini yao. Alifundisha kwa kuuliza. Basi nawe ukiwa katika darasa, ukajua kwamba yupo anayeona haya, uliza wewe unayejua, apate kusikia yule asiyejua. Mficha uchi hazai. Na wengi wanaficha ujinga wao kwa sababu hapana aliyewafunika.

Nne, na hii ni ya mwenye kusikiliza: ukisikia unalolijua, usimkate msemaji. Ata bin Abi Rabah, aliyekuwa mufti wa Makka katika zama za Tabiina, amesimuliwa kwamba kijana alikuwa akimhadithia hadithi, naye humsikiliza kana kwamba hajapata kuisikia, na hali aliisikia kabla kijana huyo hajazaliwa. Hiyo ndiyo adabu. Wale wawili walionong'ona nyuma katika darasa yangu walijua viwiko, bila shaka. Lakini lau nong'ono lao lingalinitia haya nikafunga kitabu, mzee angalirudi nyumbani kwake kama alivyokuja.

MWISHO WA SOMO

Sayyidna Umar na jirani yake mmoja wa Kiansari walikuwa wakienda kwa zamu kwa Mtume (S.A.W.). Siku hii huyu aenda kusikiliza, na mwenziwe ashughulika na kazi yake. Jioni aliyekwenda humpa mwenziwe habari ya yote aliyoyasikia. Watu wawili tu, bila ya mimbari wala jumuia. Twawaomba ndugu zetu wafanye kama hivyo: kila aliyehudhuria darasa amchague mtu mmoja asiyehudhuria, mkewe, au mwanawe, au mwenziwe wa kazini, amweleze jambo moja kabla ya kulala. Akiambiwa, "Hilo nalijua," na aseme, "Alhamdulillahi, basi nieleze wewe, nitazame kama nimelifahamu sawa." Hapo wote wawili watakuwa wamepata.

Maswali ya kuzungumzwa katika halka:

1. Taja jambo moja la dini ambalo wewe ulilijua kombo kwa muda. Ni nani aliyekusahihisha, na kwa njia gani?
2. Ni mambo gani katika mtaa wetu ambayo kila mtu adhani mwenziwe anayajua? Tazameni kuosha maiti, hesabu ya mirathi, na zaka ya mali ya biashara.
3. Kuna tofauti gani baina ya kumkumbusha mtu na kumsuta?
4. Ni nani katika msikiti wetu ambaye hapana mtu awezaye kumfundisha kwa sababu ya ukubwa wake? Msimtaje jina. Zungumzeni namna ya kumfikishia faida bila ya kumvunjia hishima.

Yule mzee wetu amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini katika miaka aliyobaki baada ya usiku ule alikuwa na dasturi moja. Akimwona mtoto penye birika, humwita, humkunjia mkono wa kanzu mpaka juu kabisa, akamwonyesha kiwiko kwa kidole. Watoto wakicheka humwambia, "Tunajua, babu!" Naye huwajibu, "Najua mnajua, wajukuu zangu. Hebu nionyesheni."

Ewe Mwenyezi Mungu, tunufaishe kwa uliyotujulisha, tujulishe yatakayotunufaisha, wala usitujaalie kuwa katika wenye kuficha. Amin.